Uliaga Dirishani, Kariuki

Mpendwa mjukuu niliyepewa bila kuomba,

Barua hii naiacha wazi kwa sababu sijui ulikopelekwa. Nilipouliza niliambiwa ulihamishwa kwanza upande wa magharibi, halafu ukamaliza kazi yako na ukarudi kwenu Amerika, huko kwenye milima ya theluji. Amerika ni kubwa, na mimi niliacha shule kabla mwalimu hajafika hiyo ramani. Kwa hivyo nimemwandikia kila mtu. Anayekujua akusomee. Asiyekujua asome pia, hapa hakuna siri, ni hasira tu.

Nimekukasirikia, Kariuki. Hata hilo jina si lako. Bibi yangu, Mama Muthoni, alikupa, jina la kaka yake marehemu, baada ya kuona lile lililoandikwa kwenye kibati chako cha kifuani haliwezi kutamkwa na mtu mwenye meno machache kama yetu. Na mbele ya jina kuliandikwa kwa Kiingereza kwamba wewe ni Mzee. Nilikuuliza una watoto wangapi. Huna. Bibi? Huna. Mbuzi? Ukacheka. Kwetu hapa mtu anaitwa mzee baada ya kuchinjia wazee wenzake, na wewe hata ndevu zilikuwa za kutafutwa na tochi. Nikakuambia, karibu mzee mwenzangu, keti, tuongee mambo ya uzeeni. Mgongo unakuuma wapi?

Mlikuwa wawili, wewe na yule mwenzako kutoka Zimbabwe, kijana mfupi mcheshi. Wawili kila mahali kama ng'ombe wa jembe. Mmoja akienda choo cha shamba, mwingine anasimama kwa njia akiangalia mawingu. Huku kwetu nje ya Karatina watu walishangaa sana. Wengine walisema nyinyi ni wapelelezi, wengine wakasema mnatafuta mashamba ya kununua, na shemasi wa kanisa letu akaja kunionya kwamba Wamormoni, wale wahubiri wa kanisa la Amerika, wameingia kijijini. Nilimwambia kama wameingia, basi waingie na jembe, kahawa yangu imejaa magugu.

Na mkaingia na jembe kweli. Mashati meupe, tai, na udongo wetu mwekundu wa mvua ya masika. Nilikuwa nafurahi kuwaangalia mkiteremka ule mlima, viatu vikiteleza, mkishikana kama walevi nyinyi ambao hamjawahi kuonja pombe. Mzimbabwe aliniambia mnafua hayo mashati kwa beseni na mnapiga pasi kila asubuhi kabla ya kusoma na kuomba, ndiyo yachafuliwe tena na mbwa wa watu. Aliniambia pia kwamba Jumatatu, siku yenu ya kupumzika, ulikuwa unampigia mama yako simu ya picha na kumwambia unakula vizuri, na wiki nzima mmekula mkate na avokado. Ndiyo maana Mama Muthoni alikuwa anahakikisha mmewekewa githeri, mahindi na maharagwe ya kushibisha.

Lakini chai mlikataa, mkasema dini yenu hairuhusu. Nilikuwa naiweka mbele yenu kila mara makusudi, yenye maziwa mengi na tangawizi, nione nani ataanguka kwanza. Mzimbabwe alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama gari lake likiuzwa. Kahawa pia mlikataa, katika nyumba ambayo kahawa ndiyo ilisomesha watoto wote. Lakini kuichuma mlichuma, tena vizuri, nyekundu peke yake bila ya kijani. Niliwaambia sijawahi kuona watu wa aina hiyo, wanaotoa jasho kwa kitu wasichoruhusiwa kumeza. Ukanijibu kwa kile Kiswahili chako cha kujifunza kwenye simu kwamba hata mimi ninakaa kanisani kila Jumapili na hakuna ninachomeza. Siku hiyo ndiyo nilianza kukupenda, na nilichukia jambo hilo.

Ukaniuliza nikifa ninataka kwenda wapi. Nikasema Kagio, kuna soko zuri la nyanya. Ukaandika kwa roho yako kwamba huyu ni mgumu, ukaendelea kuja.

Sasa tufike kwa kile kilichoniudhi.

Unajua Mama Muthoni presha ilikuwa imemwangusha jikoni, upande wa kushoto ukalala. Mdomo ulipinda kidogo lakini maneno hayakupungua. Hospitali walisema asiachwe kitandani, ashikwe mikono atembezwe. Nikijaribu mimi tunagombana kabla mguu haujagusa chini. Ananiambia ninamvuta kama mbuzi wa sokoni, mimi namwambia mbuzi angekuwa amefika. Basi akakaa tu, kitanda tumekileta sebuleni, anatazama ukuta.

Wewe ndiye ulisema nyanya yako kule kwenu aliangushwa vivyo hivyo, na ulikuwa unamtembeza. Ukamwomba ruhusa kwanza, jambo ambalo mimi sikulifikiria. Ukamshika mikono yote miwili, ukaanza kurudi kinyumenyume ukiimba nyimbo zenu polepole, Mzimbabwe nyuma yake na mto mkononi, tayari kumdaka. Nikaona hiyo ni nafasi yangu. Ilikuwa Jumatano, na Jumatano wazee wenzangu wanacheza drafti kule madukani Karatina. Nikachukua kofia.

Ukasimama. Ukasema, kwa lile neno letu la babu, "Guka, ukitoka, na sisi tunatoka."

Nilidhani ni mzaha. Nyumba yangu, bibi yangu, na mimi ndiye naambiwa na mtoto asiye na mbuzi kwamba nikae. Ukanieleza sheria yenu, kwamba hamwezi kuwa ndani na mwanamke peke yake, lazima kuwe na mwanamume mwingine mtu mzima. Nikakuambia huyu mwanamke ana wajukuu na mguu mmoja umelala, mnaogopa atawafanya nini? Mama Muthoni akacheka mpaka tukaogopa ataanguka tena. Lakini wewe hukubadilika. Basi nikaweka kiti changu pale mlangoni kabisa, ili mkisema amina tu, mimi niko barabarani.

Hivyo ndivyo mlivyoniibia Jumatano zangu. Kila wiki mimi mlangoni na kofia kwenye goti, wewe unakuja kinyumenyume kutoka kitandani, na huyo mama anakuja mbele yako akiburuta mguu, jasho linamtoka, anakemea mguu kwa jina. Siku ya kwanza alifika mezani. Baadaye akapita meza. Siku aliyofika mlangoni alishika bega langu, akapumua, akaniambia nyoosha kofia.

Nilijaribu kutoroka mara moja tu, unakumbuka. Nilirudi kutoka madukani nikawakuta mmesimama chini ya mti wa avokado, mvua imewalowesha mpaka soksi, na Mama Muthoni ndani anawapigia kelele muingie. Hamkuingia. Mlikuwa mnamwimbia kutoka nje kama watu wa Krismasi. Wiki hiyo nzima nilikula chakula cha baridi. Alisema nimemwaibisha mbele ya wageni.

Halafu ile simu ya wakubwa wa kanisa lenu ikaja. Mnaambiwa tu mwisho wa wiki kwamba fulani anahama, na kabla nguo hazijakauka ameshaondoka. Mimi sikujua. Nilikuwa nimeshuka madukani, haikuwa Jumatano, sikuwa na kosa. Wewe ukaja kuaga. Ukaniulizia, ukaambiwa sipo. Na kwa sababu sipo, ukasimama nje. Ukamshika mkono kupitia dirishani, ukaongea naye, ukalia, aliniambia ulilia, halafu ukaenda.

Kariuki, siku moja tu. Ungeweka mguu ndani siku moja tu, ni nani angekuona? Mungu wenu anajua huyo mama ana umri gani. Niliporudi nikaambiwa umekuja na umeenda, na mimi nina maneno yangu mdomoni mpaka leo sijui nimpe nani.

Walituma wengine wawili, vijana wazuri, mmoja mnene kutoka visiwa vya mbali ambaye alikuwa anabeba gunia la kahawa kama mkoba. Lakini sasa na mimi nilikuwa nimeamka. Sheria inasema mwanamume mtu mzima, haisemi ni yupi. Nikamwendea jirani yangu Gachanja, ambaye masikio yamekwisha na kazi yake ni kusinzia, nikamweka kwenye kile kiti changu pale mlangoni. Wale vijana wakaangalia, wakaona mwanamume yupo, wakaridhika. Mimi nikaenda drafti. Nilijiona mwerevu kuliko kanisa lenu lote.

Na Mama Muthoni akaacha kutembea.

Kwanza akasema amechoka. Wiki iliyofuata mguu unauma. Halafu hakutoa sababu, aligeukia ukuta tu. Yule kijana wa visiwani akaimba mpaka koo likakauka. Nikasema moyoni, ni Kariuki anayetakiwa. Nikavaa koti, nikaenda kanisani kwenu mjini kuwaambia wakurudishe. Kulikuwa na bwana mmoja mpole sana pale, akanisikiliza, akanipa kiti, hakunipa chai. Akasema kwa heshima kwamba mhubiri harudishwi mahali kwa kuombwa na mtu. Nikamuuliza kama hata kwa bibi wa mtu. Akasema wataniombea. Nilitoka pale nimekasirika mpaka nikapita kwetu bila kujua.

Ndipo binti yetu Muthoni akaja kutoka Kutus alikoolewa. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama sufuria. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Akasema, "Baba, Jumamosi nakuja na gari. Mama ataishi kwangu. Wewe huwezi kumwinua na yeye hainuki."

Nikasema ataenda kwa muda tu. Akasema hakuna mambo ya muda. Na alikuwa na haki, hiyo ndiyo iliniuma. Akienda Kutus na huo mguu harudi tena juu huku, na mimi nitabaki na kuku.

Wewe ungekuwa umepiga magoti. Mimi nilikwenda pale kitandani nikamgombeza. Nilimwambia kama ni Kariuki, Kariuki amekwenda, serikali ya kanisa lao imekataa kumrudisha, kwa hivyo aamke atembee na hawa tulio nao, au alale aende Kutus akaumwe na mbu wa mpunga. Nikamuuliza, huyo mtoto alikuwa na nini ambacho hawa hawana?

Akageuka kutoka ukutani. Akasema, "Ati Kariuki? Huyo mtoto sikuwa namfuata. Nilikuwa nakuja kwa kiti chako."

Akaelekeza kidevu mlangoni.

"Sasa hapo umeniwekea Gachanja. Nitembee mpaka kwa Gachanja nikafanye nini?"

Mzee mwenzangu, nimeishi na huyo mwanamke tangu nikiwa na nywele. Nilikwenda nikamwambia Gachanja, kwa mikono kwa sababu hasikii, kwamba kazi imekwisha. Akachukua kofia yake, akaondoka bila kuuliza, nadhani hakuwahi kujua alikuwa hapo kwa nini. Nikaketi.

Wale vijana wapya wakamshika. Akaja. Si kwa uzuri wa zamani, alikuwa amepoteza nguvu nyingi, na mara ya kwanza alifika mezani tu, akaishikilia, akanitazama kama mtu anayedai. Lakini kesho yake aliniambia tusingoje vijana. Nikamshika mwenyewe, nikarudi kinyumenyume kama ulivyokuwa unafanya, nikagonga kabati. Ananiambia nitazame ninakokwenda, mimi namwambia nitazame vipi na wewe uko huku. Hatukuimba. Tuligombana mpaka mlangoni, na ilikuwa sawa tu.

Jumamosi Muthoni alikuja na gari na mto wa kumlalishia mama. Alimkuta amesimama barazani, mkono kwenye bega langu, akimwuliza dereva kwa nini amekanyaga maboga. Muthoni aliurudisha mto garini. Gari lilirudi Kutus na avokado na ndizi.

Kwa hivyo sikuandika kukushukuru, usijidanganye. Naandika kulalamika. Wewe ulinifunga Jumatano peke yake, huyu amenifunga wiki nzima. Drafti wanacheza bila mimi. Nikihamisha kiti mpaka kwa tangi la maji, anafika. Nikikipeleka kwa lango, anafika, anasema ni karibu mno. Na jana aliniamuru nikipeleke ng'ambo ya lango, kule barabarani, kwa sababu anataka kuona nani amejenga nyumba ya mawe. Nimekaa huko mchana kutwa kama mtu wa kuuza mandazi. Watu wakipita wananiuliza namngoja nani. Nawaambia namngoja bibi yangu, anakuja.

Salimu mama yako, mwambie kwamba hukuwa unakula vizuri. Mwambie pia nyanya yako, kama bado yuko, kwamba mikono yake imefika huku.

Mimi Guka wako wa Karatina, ambaye mpaka leo hujambatiza.