Neema Amekataa Kufunika Mbegu

Jumamosi, Septemba 2017. Troyeville.

Wanasema baridi ya huku kusini mwa Afrika imekwisha. Jua limetoka, mvua bado, na vumbi la mtaani linaingia hadi kwenye vikombe. Mimi bado navaa sweta ndani ya nyumba.

Jana Neema alirudi kutoka krechi na mbegu tano za alizeti kwenye karatasi. Mwalimu amewapa watoto wote wakapande na wazazi. Neema ana miaka minne. Sikuwa na hamu, lakini asubuhi nilijaza udongo kwenye ndoo kuukuu ya rangi, tukachuchumaa uani.

Alitoboa mashimo kwa kidole, akaweka mbegu moja moja. Nilipotaka kuzifunika, akanishika mkono. Nikamwambia asiogope, mbegu zinalala tu.

Akaanza kuzifukua, anazipangusa kwa gauni lake. Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Leo alitafuta Kiswahili.

"Mama, na Yoeli ulisema amelala."

Yoeli ni mdogo wake. Alifariki mwezi wa sita kwa homa ya mapafu, akiwa na miezi mitatu. Makaburini mama mmoja wa kanisani alimtia Neema udongo kiganjani, naye akautupa kama wengine. Akaniuliza kwa nini tunamfunika. Nikamjibu kwamba amelala. Sikuwa na nguvu ya kusema jingine.

Tangu hapo mwalimu analalamika kwamba Neema hakubali kulala mchana. Nimemgombeza kwa hilo. Mara mbili nimemchapa.

Nilimchapa mtoto anayeogopa kufukiwa.

Nikakaa chini pale pale. Nikamweleza kwamba Yoeli amekufa, kwamba kufa si kulala, na kwamba hasikii baridi wala giza, na hatarudi. Nikamwambia nilikosea mimi. Akauliza kama akilala nitamfunika yeye pia. Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana.

Mbegu amezirudisha kwenye karatasi. Sikumlazimisha.

Mchana alijilaza kando yangu, macho wazi, ananitazama mimi tu. Hakulala.

Papa yake aliporudi kutoka zamu yake ya ulinzi, nikamsimulia yote. Alisikiliza amesimama, buti bado miguuni, kisha akaenda kuketi na binti yake. Tangu mazishi, mimi naye hatujalitaja jina la Yoeli. Nilimsikia akilitaja chumbani, taratibu, mara kadhaa.

Sikuingia.

Jumatatu nitamwomba mwalimu asimlazimishe kulala. Hilo naliweza. Lakini itamchukua muda gani mwanangu kuniamini tena?