Slaidi ya Kumi na Moja

4 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza visa vyake. Mimi sijambo, ila roho haijatulia. Wanafunzi wako wa zamani bado wananisimamisha njiani kuuliza kama Mwalimu Nusu Kidole hajambo. Nawajibu hajambo, ingawa sina hakika.

Najua tangu siku ile niliyoupeleka ubao wako stoo hutaki hata namba yangu mpya ya simu. Ndiyo maana naandika. Tarehe 20 mkaguzi anakuja kunikalia darasani. Nikimridhisha, napata mkataba wa kudumu. Nikishindwa, darasa la umeme ulilofundisha miaka thelathini na moja linakwenda kwa mtu mwingine, na mimi narudi kufunga taa za maduka.

Mkuu wa chuo anataka somo la soketi lifundishwe kwa projekta, kwa picha, sauti na video. Nimetengeneza slaidi ishirini na mbili, na zote nimezichapa, zimo humu kwenye bahasha. Wanafunzi wanazitazama, wanaandika mpaka vidole vinauma, lakini nikiwauliza swali wananikodolea macho utadhani nimeuliza habari za mwezini. Naomba uzipitie, Baba. Sina mwingine wa kumuuliza.

Binti yako,
Cheche

9 Mei

Cheche,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumeshazoeana.

Nimezisoma slaidi zako na nimeishia ya sita, nikavua miwani kabla sijaivunja. Ya nne ina maneno tisini na matatu. Nimeyahesabu. Wewe unayasoma kwa sauti, wao wanayasoma kimyakimya, na pembeni umeandika kwamba muziki unapiga chini yake. Mshika mawili moja humponyoka, na wewe umewashikisha matatu. Halafu kichwa cha habari kinaingia kinarukaruka kama panzi. Kesho watamkumbuka panzi, waya wamesahau.

Jingine. Picha umeiweka juu kushoto, maelezo yake yako chini kulia. Mwanafunzi akitoka kwenye picha kwenda kwenye maneno, akifika ameshasahau alichokwenda kutafuta. Sogeza maneno yakae ubavuni mwa picha. Slaidi moja, jambo moja. Kisha zima hiyo mashine, wape soketi mkononi, wafunge wenyewe, na wewe unyamaze. Najua kunyamaza kunakuwia vigumu.

Hayo yote ubao wangu uliyafanya bila kuchomekwa ukutani. Ulikuwa na soketi za kweli na swichi za kweli, nawe umeulaza pamoja na mafagio. Usinitumie slaidi nyingine.

Baba

27 Mei

Shikamoo Baba,

Habari za siku nyingi? Huku wote wazima. Ulisema nisitume nyingine. Natuma moja tu, ya kumi na moja, upende usipende.

Maneno yako yaliniuma siku mbili, siku ya tatu nikayafanyia kazi. Panzi nimemfukuza na muziki nimeutoa. Slaidi ya nne sasa ina maneno manane, uyahesabu. Hii ya kumi na moja ndiyo iliyonisumbua, maana picha ilikuwa imeelekea ukingoni na maneno hayakupata pa kukaa. Mwishowe nikabonyeza mara moja, picha ikageuka ikaelekea kwenye maneno, na sasa vinakaa kama majirani wema.

Mkaguzi aliketi nyuma saa nzima bila kuandika hata neno. Mwisho akasema hajaona somo la soketi lililo wazi namna ile. Mkataba nasaini Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 4. Na wanafunzi wamepewa kazi ya kweli: bweni jipya la wasichana, soketi kumi na nne. Zilizoletwa ni za bei rahisi, nyuma hazina hata herufi za kuonyesha waya upi uende wapi, lakini hawakuzihitaji. Picha wanayo kichwani. Umeme unawashwa Jumamosi.

Sasa niambie mashine yangu haifundishi.

Cheche

31 Mei, Jumapili

Cheche,

Salamu baadaye. Nenda kazime swichi kuu ya lile bweni, kisha rudi umalizie kusoma.

Umezima? Picha yako iko kinyume, kama ya kwenye kioo. Waya wa moto, ule unaoleta umeme, umeuweka kushoto. Mtu akiitazama soketi usoni, moto uko kulia na nyutro, waya wa kurudisha umeme, kushoto. Hilo ulilijua kabla hujajua kusuka nywele. Taa zitawaka, pasi itachemka, na hakuna atakayeshuku kitu. Lakini swichi ya soketi itakata nyutro na kuuacha moto ndani ya chombo. Mtu atazima, ataamini amezima, kisha atashika.

Sikuanza kuligundua kwa waya. Niliuona mkono kwanza. Ule ubao kwenye picha ni wangu, na mkono unaoonyesha soketi ni wangu. Kidole changu kilichokatika ni cha kushoto. Kwenye slaidi yako kimehamia mkono wa kulia.

Nimepiga simu ofisini kwenu tangu asubuhi, hakuna anayepokea. Yako sina, na kosa hilo ni langu mwenyewe. Barua nampa jirani yetu wa lori la saruji. Anaondoka alfajiri, na ameniapia ataiweka mkononi mwako. Naogopa, mwanangu.

Baba

2 Juni

Shikamoo Baba,

Nimezima, na aliyepigwa yuko hai. Nimetanguliza hayo ili upumue.

Barua ilinifikia jana saa nne nikiwa darasani. Nilisoma mstari wa kwanza nikakimbia. Mpishi wa bweni alikuwa ameshapigwa Jumamosi jioni. Alizima hita ya maji kwenye soketi, akatia mkono kwenye ndoo, akarushwa mpaka mlangoni. Kiganja kimeungua, ila daktari anasema mkono utapona. Sote tuliilaumu hita. Tukaitupa, tukanunua nyingine, na nilipofika jikoni ile mpya ilikuwa tayari imo kwenye maji.

Tumefungua soketi zote kumi na nne. Zote zimekosewa kwa namna moja, maana wote walifuata picha. Hilo ndilo linaloniumiza, Baba: somo lilieleweka. Mimi ile slaidi niliitazama kama ukurasa, sikuitazama kama soketi. Hata herufi zilizogeuka pamoja na picha nilizifuta nikaandika upya, wala sikujiuliza kwa nini zimegeuka.

Sitakuficha, niliwaza kurekebisha nyaya kimyakimya, Alhamisi nisaini, mambo yaishe. Kisha nikaenda kumwona mpishi hospitalini. Aliniomba radhi kwa kuharibu hita ya chuo. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mkuu na barua yako mkononi.

Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. Alhamisi sisaini kitu. Nitafundisha somo lile upya saa tatu asubuhi, mbele ya mkaguzi na wanafunzi wote, nikianza na kosa langu, na baada ya hapo wataamua kama nabaki.

Ubao wako nimeutoa stoo, nimeupangusa mwenyewe, soketi zote bado zinafanya kazi. Nataka somo lianze na mkono wako wenyewe juu ya ubao, kisha ndipo nionyeshe slaidi. Kama goti halitakubali, nitaelewa. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ulisema uliishia ya sita. Mkono wako ulikuwa kwenye ya kumi na moja tangu mwanzo.

Binti yako,
Cheche

4 Juni, saa mbili na nusu asubuhi, ujumbe wa simu

Marahaba mwanangu. Goti limelalamika njia nzima lakini limefika. Kidole nimekuja nacho, kile cha kushoto. Niko getini. Mlinzi wenu ni mgeni, anataka kujua mimi ni nani. Njoo umwambie.

Baba