Kitambaa Ulichokisahau Juu ya Paa

Kwa mutoto wangu Sudi, Ujiji.

Amahoro, mwanangu. Baba yako muguu unaendeleaje? Dada yangu Zena ameacha kukohoa? Mwajuma muke wako hajambo, na yule mudogo anayenyonya ameota jino? Mimi mwili ni muzima. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Sudi, nyumba mupya ya Bwana Mudachi inanuka. Tangu wewe na mwenzako mumalize kazi ya mabomba hapa Rumonge mukakimbilia mashua kwenda kula Idi ya kuchinja, beseni la kufulia linatoa harufu ya shimo la maji machafu mpaka mezani kwa Bwana. Nyampara anasema ni mimi mufua nguo namwaga matumbo ya samaki ndani ya bomba. Mimi niliyekufundisha wewe kunawa. Amesema mbele ya wapishi, "Mama, Bwana akirudi kutoka Usumbura na harufu ingali iko, utakunja mukeka wako." Sasa wapishi wananiita Mama Matumbo.

Nikakaa nikaangalia. Nikimwaga kikombe, maji yanalala kwenye shingo ya bomba, pale linapojipinda chini ya beseni, harufu hakuna. Nikimwaga beseni zima, bomba linakoroma kama mutu anayemaliza uji, na shingo inabaki kavu. Ndipo nikakumbuka. Wewe mwenyewe ulinieleza: bomba refu hivi, linaloshuka mpaka shimo la kule kwenye michikichi, lisipovuta pumzi juu litanyonya maji ya shingo, na maji yale ndiyo mulango wa kuzuia harufu. Ukasimamisha bomba la pumzi mpaka juu ya paa, vizuri. Waezekaji walipokuja, ukanichania kanga yangu ukaziba mudomo wake, majani yasiingie. Nani alizibua? Mulisikia mwezi umeandama, mukafungua kamba ya mashua. Sasa majani yamefunika, hata mudomo hauonekani.

Nimemwambia nyampara. Akacheka, akasema mwanamuke ajue sufuria, paa jipya halifumuliwi kwa maneno yangu. Anataka neno la fundi. Na fundi yuko Ujiji anakula pilau.

Nimekubeba mugongoni, Sudi. Uchafu wako sitaubeba.

Nisalimie Zena, na jirani yetu musuka mikeka, na fundi mwenzako, yeye pia aone haya. Kisha kaa chini leo, uandike kwa mukono wako kwamba ni wewe uliyeziba, na bomba liko hatua ngapi kutoka ukuta wa jikoni, wajue pa kufumua majani. Barua mupe mutu wa mashua ya kwanza. Bwana anarudi mwezi huu ukiisha, na mimi kila siku nashuka ufukweni kuuliza barua.

Mama yako, Binti Feruzi