Mzee Mwadime Ameachiliwa, Mjomba

Mjomba,

Tumeshinda! Nilitaka kupiga vigelegele palepale mahakamani, nikakumbuka ulivyokuwa ukinionya kwamba mkalimani hana furaha wala hasira mpaka atoke mlangoni. Basi nikatoka mlangoni, nikavipiga, na karani wa faili akadhani nimeumwa na nyuki.

Tangu tukuzike kule Mbololo, kiti chako cha ukalimani kilikaliwa na watu wa kuazima. Wengi walisema mwanamke hatakiweza. Mwezi uliopita nikapewa mimi, na leo wote kimya kama maji mtungini.

Sikiliza ilivyokuwa. Mzee Mwadime wa Marungu alishtakiwa kwa kuingiza ng'ombe katika shamba la makonge. Ukame huu umemaliza majani yote, na hakimu mpya ameshawafunga wachungaji kadhaa kwa kosa hilohilo. Mzee alisimama kizimbani. Alipoulizwa kama shtaka ni kweli, akajibu kwa Kidawida chetu, "Kweli, tuliingia."

Moyo ulinipasuka. Unawajua wazee wetu: mtu na ng'ombe wake ni kitu kimoja. Akisema tumekonda, ni ng'ombe waliokonda. Akisema tumezaa, mkewe hata mimba hana! Wale wa kuazima wangetamka "trespass" na kuketi, na mzee angelala gerezani.

Nikakukumbuka barazani kwako tukipukuchua mahindi, siku mbuzi wenu alipomaliza kunde za jirani. Wazee waliokuja kusuluhisha waliuliza kwanza, "Mchungaji alikuwa wapi?" Ukanigeukia: "Wakesho, mtu akipeleka mbuzi makusudi, Mzungu anasema 'trespass'. Mbuzi akijiendea mwenyewe, hiyo ni 'stray'. Kunde zimeliwa kote kuwili, lakini usiwafunge kamba moja." Ah, Mjomba. Ningelipa nini nikusikie tena ukisema hivyo.

Nikamfasiria hakimu kwa Kiingereza maneno ya mzee kama yalivyo, kisha nikaomba ruhusa aulizwe ni nani hasa walioingia. Hakimu alinitazama juu ya miwani. Lakini akakubali.

Mzee akasimulia: tembo waliangusha ua wa shamba, ng'ombe wakanusa maji, wakajiendea. Yeye alikamatwa akiwa nje ya ua, akiwapigia mbinja warudi. Nikasema "strayed" kwa sauti ambayo nadhani hata wauza nyanya wa sokoni Voi waliisikia. Askari wa shamba naye, alipoulizwa, akakiri kwamba kweli alimkuta nje. Hakimu akaandika kidogo, akafunga faili, akamwachilia mzee na ng'ombe wake wote.

Pale nje mzee alinishika mikono yote miwili, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilijibu jina lako. Hapo ndipo machozi yalinishinda, nikalia huku nacheka, naye akanisubiri bila haraka mpaka nikamaliza.

Pumzika sasa, Mjomba wangu. Nakuahidi kwamba maadamu nakikalia kiti kile, hakuna mchungaji atakayefungwa kwa neno ambalo hakulisema.

Mpwa wako,
Wakesho