Cherehani Yangu Inaogopa Mvua

Jumatatu, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi joto la kukaba, kisha manyunyu, kisha jua kali. Jioni hii ni pakavu kana kwamba halikudondoka tone. Roho yangu haijatulia.

Mji mzima wa Shinyanga unaomba mvua. Baba Kabula yuko Kishapu, ameshalima shamba la pamba, anaangalia juu tu. Na mimi mkewe naomba isinyeshe.

Naona aibu hata kuliandika.

Sababu ni mkanda wa cherehani. Sisi mafundi wa barazani, tajiri mwenye duka anatupa kitambaa, uzi na mahali pa kukaa. Cherehani unakuja nayo wewe. Sindano zako, mafuta yako, na ikiharibika ni msiba wako. Mkanda wangu ulikatika wiki iliyopita. Nikazunguka maduka yote, jibu likawa moja: hakuna, labda mwezi ujao. Baba mkwe akanikatia ukanda wa ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa juani, nikaupaka samli ukalainika. Kwenye jua ulikimbia vizuri kabisa.

Leo upepo ukayaleta manyunyu mpaka barazani. Nakanyaga pedali, gurudumu la chini linazunguka, la juu limenuna. Ngozi imelowa, imerefuka. Fundi Masanja, tunayekaa naye bega kwa bega, hakuniacha hivihivi.

"Mama Kabula, hiyo ngozi imemkumbuka ng'ombe wake. Imeona mvua, inataka kwenda malishoni."

Nilicheka, huku nikiifuta ngozi kwa pindo la kanga. Tajiri akatoka, miwani puani.

"Mama Kabula, cherehani imelala?"

"Inapumzika kidogo, tajiri."

"Basi ipumzike nyumbani. Sare za shule zinatakiwa Ijumaa, na yule fundi wa Isaka kila siku ananiuliza nafasi."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana naogopa zaidi.

Nafasi ile ndiyo sabuni yetu, ndiyo chumvi, ndiyo sare ya Kabula mwenyewe. Pamba hailishi mtu mpaka ivunwe. Kwa woga nikashika mkasi, nikakata kipande cha mkanda, kama urefu wa kidole, nikaunga kwa waya. Ukakazika. Nikashona kaptula mbili, nikamshukuru Mungu.

Kisha jua likatoka.

Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe kama mimi! Tangu utoto nawamba ngozi, najua kabisa ikilowa inajinyoosha, ikikauka inajikunja. Woga ukanisahaulisha. Mkanda ukajivuta mpaka pedali ikawa nzito kama kusukuma lori, cherehani ikalia kama mtoto. Masanja akaacha mzaha. "Mayu, acha mama, utaivunja." Nikaacha. Nikajifanya napiga pasi mpaka tajiri alipofunga duka.

Meza na pedali yake naiacha pale barazani, imefungwa mnyororo. Kichwa cha cherehani na mkanda narudi navyo kila jioni. Kabula alinipokea njiani, akaniuliza mbona kimya. Nikasema nimechoka. Akaniangalia vile watoto wanavyokuangalia wakishajua.

Nilipofungua fundo la kanga kutoa ufunguo, kikaanguka kile kipande nilichokata. Nilikifunga humo bila kufikiri. Siku hizi nani anatupa kitu?

Nikakipima kwa kidole: ni urefu uleule mkanda uliopungukiwa ukikauka.

Halafu nikapasha msumari moto, nikakitoboa ncha zote mbili. Jua likiwaka nitakiunga, mvua ikija nitakitoa. Waya mbili badala ya moja. Zitakuwa zinagonga zikipita kwenye gurudumu, na Masanja atapata la kusema mpaka Krismasi.

Sijui kama zitashika. Meza iko mjini, siwezi kujaribu hapa. Nitajua kesho, mguu wangu ukiwa kwenye pedali na tajiri akiwa mlangoni. Nisipokuwa fundi wa baraza lile, nitakuwa nani, mimi niliyeishia darasa la nne?

Upepo umeanza kunukia udongo. Upande wa Kishapu kumetanda mawingu. Nimekirudisha kipande kwenye fundo la kanga, nimesimama uani, na kwa mara ya kwanza tangu mkanda ukatike nimeomba kama wenzangu.

Inyeshe tu, Bwana. Ila ianzie shambani kwa Baba Kabula. Barazani ifike nikishazijaribu hizi waya.