Kitambaa Cheusi cha Gari la Mkwe

Kwa Mama Wafula, mke wangu Nekesa, hapo Naitiri,

Kabla hujauliza: niko hai, meno yaliyobaki yapo, na mguu unauma upande ule ule. Wewe je? Ng'ombe anakamuliwa na nani siku hizi? Mvua imeshika ama bado inawadanganya? Najua anayekusomea hii ni dada yangu Rael, na vile mguu wake uko kwa plasta hana pa kukimbilia. Rael, pole kwa kuanguka. Soma yote vile nimeandika, usiruke pale kaka yako anasema ukweli.

Naandika kwa sababu kwa simu unanikatia. Nikitaja tu hospitali, nasikia tii, tii, tii. Barua haikatiki.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu huku Ujerumani ni gani, nikakwambia nachunga macho. Ukadhani ni utani wangu. Ni kweli. Wafula mtoto wetu, aliyeniombea hii kazi, anafanya kwa maabara ya chuo, na wao wanapima macho ya kioo. Jicho moja ni kubwa kama kabeji ya Endebess, ndani linang'aa kama dhahabu, nyuma lina shingo na waya. Yakishapimwa yatapelekwa chini ya mlima, yazamishwe kwa maji mengi, gizani kabisa. Huko yatangoja vitu vidogo vinavyotoka kwa jua, ambavyo vinapita popote. Vinapita ukuta, vinapita Mlima Elgon, saa hii vinapita ndani ya kanisa lenu bila kutoa sadaka. Mara moja moja kimoja kinagonga maji, maji yanatoa mwanga kidogo sana, na hapo jicho lazima lione.

Kupima ni hivi. Mimi nabeba jicho, nalipangusa, naliweka kwa sanduku jeusi, nafunga mfuniko, nabandika tepu nyeusi kwa kila ufa. Wafula anawasha umeme mkali. Ndani kuna kataa, taa ndogo sana, kanapepesa, chembe ya mwanga moja moja tu. Jicho likiona linastuka, na kompyuta inachora kilima. Wanaongeza umeme, wanapunguza, mpaka macho yote yastuke sawa kwa chembe moja. Ni kama kwaya, hawataki mmoja apayuke kushinda wenzake, vile wewe unawanyamazisha wale akina mama wa sauti ya kwanza kanisani.

Sasa sikia nilivyoharibu. Unajua nimetengeneza redio pale Kitale maisha yangu yote, hata zile za zamani zenye taa ndani. Taa ya redio ikifanya kazi inawaka nyekundu, kwa hivyo fundi anachungulia tu. Siku moja Wafula alitoka kutafuta chai, kompyuta ikawa imenyamaza, nikasema hebu nione kama hili nalo limewaka. Nikainua mfuniko, upana wa kidole. Umeme ulikuwa umewashwa. Mwanga wa chumba uliingia wote kwa hicho kidole, kompyuta ikachora vilima mpaka vikatoka nje ya kioo, halafu ikalala kimya.

Mkubwa wao ni mama mmoja mrefu. Mimi namwita Mama Giza, na yeye hajui. Alikuja akatazama, hakupiga kelele. Wafula akawa anatutafsiria, uso umemshuka.

"Mzee, ulitaka kuona nini?"

"Nilitaka kuona kama linaona."

"Lilikuwa linaona. Mpaka ukaliangalia."

Waliliacha gizani lipumzike. Kila asubuhi nilikuwa namuuliza Wafula habari yake, vile mtu anauliza mgonjwa. Lilirudi, lakini si sawa. Sasa linastuka hata mahali hakuna kitu. Wameliweka kando kwa rafu. Mimi hawakunifukuza, wamenipokonya mfuniko tu, kuna mwingine wa kufunga. Nikipita pale nalitazama na hakuna kitu naweza kulifanyia, hata nilete bisibisi zangu zote. Ni hapo ndio nakufikiria wewe, na nimechoka kufikiria peke yangu.

Daktari wa Kitale alikwambia presha ya macho imeshaua la kushoto, na la kulia likipasuliwa mapema linaweza kubaki. Mapema, Mama Wafula. Tarehe ya kwanza ilipita kwa sababu Rael wa kukushika mkono alivunjika mguu. Nafula binti yetu amejifungua juzi, hawezi kutoka. Matatu ulijaribu peke yako, ukashushwa pasipo penyewe, ukazunguka mji ukishika kuta, ukaapa hutarudia. Aliyebaki ni mkwe wetu Barasa, mume wa Nafula, na kale kagari kake ka kubebea maziwa. Na wewe unasema mama mkwe haketi gari moja na mkwe, ni aibu.

Rael alinisimulia ile siku ya tarehe ya pili. Barasa alikuja mpaka langoni, akawapa mgongo kwa heshima, akaanza kuongea na ua wa boma. Wewe uko jikoni nyuma ya mlango.

"Shangazi Rael, mwambie mama gari iko tayari."

"Rael, mwambie mkwe nimesafiri."

"Lakini si nasikia sauti yake?"

"Mwambie hata sauti inaondoka saa hii."

Kijana wa watu akangoja, akaweka kibuyu cha maziwa chini, akaenda. Na tarehe ikaenda.

Nilicheka mpaka Wafula akaniletea maji. Kucheka kukaisha, maji bado yako kwa mkono. Nikakupigia, nikakwambia, si wewe mwenyewe huoni, bana, huyo mkwe utamwona na nini? Ukanijibu, "Mimi simwoni, lakini yeye ananiona." Ukakata.

Hiyo ilinishinda. Siwezi kukwambia ni ujinga, mimi mwenyewe mama yako nilimjua kwa kikohozi tu mpaka tukamzika.

Ningekuja nikupeleke. Pasi yangu iko kwa ofisi ya wageni wanatengeneza kibali, na nikienda kuuliza wananionyesha kiti. Nimekaa kwa hicho kiti sana. Wafula naye hawezi kuyaacha macho yake kabla hayajapelekwa mlimani. Basi niko hapa na mikono miwili ya fundi, na haifiki Naitiri.

Nimebakiwa na kitu kimoja. Kwa maabara wanatundika kitambaa cheusi mlangoni, kizito, mwanga haupiti hata kidogo. Nilimwomba Mama Giza kipande kilichobaki. Akauliza ni cha nini. Nikasema ni cha kumficha mke wangu kwa mkwe wake. Wafula aliona aibu kutafsiri lakini alitafsiri. Yule mama hakucheka, alinikatia mara mbili ya nilichoomba.

Nakituma pamoja na barua hii na huyu kijana wa Myanga anayesoma huku, anakuja nyumbani likizo. Barasa akitundike nyuma ya kiti chake, na kile kioo cha kati cha kuonea nyuma akifunge na kinachobaki, vya pembeni vitamtosha. Wewe uingie nyuma yeye akiwa anaongea na ua, kama kawaida yake. Hospitalini angoje nje, muuguzi atakushika mkono. Mimi nimekijaribu. Nilikitundika hapa mlangoni, Wafula huku, mimi huku, tukaongea mambo ya ng'ombe na nikamtolea ulimi muda wote. Hakuona kitu.

Sijui kama utakubali. Tarehe ya tatu inakuja, na kutoka huku siwezi kukusukuma hata hatua moja. Nitangoja tu simu, na ukiamua vingine nitaisikia ile tii, tii. Nataka tu hilo jicho moja linikute langoni siku pasi ikitoka, unicheke vile nimekonda. Nisije nikakuta unanipapasa uso kama mtu anachagua nyanya sokoni.

Nisalimie Nafula na huyo mgeni wake mchanga. Nisalimie mzee wa kanisa, mwambie bado naimba vibaya. Mkwe wetu Barasa umsalimie kupitia ua.

Ni mimi mumeo, Baba Wafula, fundi redio asiyeruhusiwa kugusa mfuniko.

Rael, ukifika hapa nyamaza, usimbembeleze. Mpe kitambaa akishike.