Kirusi Changu Kilimpeleka Mkwe Wangu Mikumi

Mpendwa Bibi Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi tusameheane tuendelee, maana nina jambo linanichekesha na kuniliza, na naomba unisaidie kuliamua kabla wifi yangu hajaliamua yeye.

Mimi ni Raheli, mjane, mkulima wa Mamboya, na mwanangu Samweli ni bwana mifugo hapa Kilosa. Serikali ilimpeleka Urusi kusoma miaka michache baada ya Uhuru, akarudi na cheti na mke, na mke huyo anaitwa Tamara, na usianze kunionea huruma, kwa sababu ni binti mwema kuliko nilivyoomba, ananiamkia kwa adabu na anakula ugali kwa mlenda bila kukunja uso. Alipojifungua niliteremka kutoka Mamboya nikaja kukaa nao Magomeni ya hapa Kilosa nimlee mjukuu wangu Tomasi, na hapo ndipo mambo yalipoanzia, maana nilimsikia akimbembeleza mtoto kwa Kirusi, mtoto anacheka, mimi sijui anachekea nini, nikaona huyu atakua akiniangalia kama mpita njia aliyeomba maji. Nikamwambia, "Mwanangu, nifundishe na mimi."

Mkate na maji havikunisumbua, na mama kwao ni mama vilevile, lakini kwenda, Bibi Mshauri, kwenda kumenitoa jasho! Sisi tukienda tumekwenda, iwe kwa miguu iwe kwa treni, lakini wao kwenda kwa miguu kuna neno lake na kwenda kwa chombo kuna neno lake, kwenda mara moja hivi na kwenda na kurudi kila siku hivi, na kuondoka nako kuna lake. Basi Tamara hunishika mkono tukazunguka ua tukiimba "idu, idu", yaani nakwenda kwa miguu, halafu hunikalisha juu ya kinu kilicholala, nikashika usukani wa hewani, "yedu, yedu", yaani nakwenda kwa chombo, majirani wanacheka na sisi tunacheka, na sikuwa nimecheka hivyo tangu baba Samweli alipofariki.

Sasa, jioni moja Samweli na mkewe walinuniana kwa sababu ya safari zake zisizokwisha, na alfajiri Landrova ya idara ikamfuata, ng'ombe wanaumwa Mikumi, naye akaninong'oneza dirishani, "Mama, mwambie Tamara nimekwenda Mikumi," akaondoka. Tamara alipoamka akaniuliza, tena kwa Kiswahili, "Mama, Samweli yuko wapi?" Ningejibu kwa Kiswahili yangekwisha, lakini nikaona leo ndiyo siku yangu, nikanyoosha shingo nikasema, "Samweli ushol! Mikumi!"

Akasimama kama aliyemwagiwa maji. "Ushol?"

"Ushol!"

"Peshkom?"

Neno hilo sikulijua, nikadhani ananisifu, nikaitikia ndiyo ya kwao, "Da, da!"

Kumbe nimemwambia mumewe ameondoka kwa miguu yake mwenyewe, na kwa mwanamke aliyelala na hasira, neno hilo ni kama kuambiwa umeachwa, na peshkom ndiyo kwa miguu yenyewe! Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akatoka mbio na viatu visivyofanana kuelekea stesheni, nami nyuma yake, maneno yote yamenitoka kichwani limebaki moja, nakimbia napiga kelele "Yedu! Yedu!", mtu mzima natangaza kwamba niko ndani ya gari huku nimeshika kandambili mkononi.

Treni ya Mikumi ilikuwa karibu kuondoka. Tamara akamwambia stesheni masta, Bwana Damiano, "Mume wangu anatembea kwa miguu kwenye simba!" Bwana Damiano hakuuliza tiketi, alimpandisha, nami akanisukuma ndani nikihema. Njia nzima Tamara ametoa kichwa dirishani, na behewa zima likamsaidia kutafuta, kila aonekanapo mtu porini wanasema, "Mama, yule?" "Siye." "Na yule?" "Yule ni nyani, kaa chini wewe."

Tukamkuta Mikumi kwenye zizi anachoma ng'ombe sindano. Tamara akamrukia, akampiga ngumi za kifua huku anambusu, mbele ya wazee wa Kimasai, wazee wakageuka kutazama milima. "Wewe ushol!" analia. Samweli ameduwaa. "Mimi uyekhal, nimeondoka kwa gari! Landrova ile pale!" Tamara akaitazama Landrova, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka mtoto akaamka akacheka naye. Wakaombana msamaha palepale, na jioni tukarudi sote katika gari moja.

Lakini sasa maofisa wenzake wanamwita Bwana Ushol, ameona haya, amenikataza, "Mama, Kirusi basi, utakuja kuua mtu." Wifi yangu Lea naye amekuja kutoka Mamboya anasema mkwe ndiye ajifunze Kikaguru cha kwetu, si mimi nibwabwaje uani, nifungashe turudi. Na Tamara amenishika mkono jikoni akasema, "Mama, usiniache peke yangu na lugha yangu." Niache, niendelee, au nirudi Mamboya? Na je, kwa umri huu kwenda huku kutaniingia kichwani kweli?

Raheli, Magomeni, Kilosa

MSHAURI ANAJIBU

Raheli, marahaba. Nimekuzidi, kwa hiyo kaa nikuseme.

Mwanamke aliyenuniana na mumewe akiuliza mume yuko wapi, hiyo si saa ya kuonyesha masomo. Na neno usilolijua haliitikiwi ndiyo, huulizwa. Ungeuliza, Bwana Damiano angekunywa chai yake kwa amani.

Hapo nimemaliza na wewe. Kosa kubwa ni la mwanao. Mume analala amenuna, anaamka anaondoka bila hata kumgusa mkewe bega, halafu salamu anamwachia mama yake dirishani! Habari hiyo ungeisema hata kwa Kiswahili cha redioni, bado ingemuuma mkewe. Msomee Samweli sehemu hii kwa sauti. Kisha muulize, yeye alifundishwa Kirusi na walimu wangapi, akakosea mara ngapi, na nani alimkataza?

Unauliza kama kutaingia kichwani. Dada, mtu akikuambia "Samweli amekwenda Mikumi" unaendelea kuchambua mchele. Akikuambia "Samweli amekwenda zake" unaangusha ungo. Hiyo "zake" ndiyo ushol aliyoisikia mkweo, na wewe unaijua tangu utotoni. Kilichobaki ni kutenganisha miguu na magurudumu, na hilo unalifanyia mazoezi juu ya kinu vizuri kabisa.

Wifi yako ana haki nusu. Tamara ajifunze Kikaguru, na mwalimu awe Lea mwenyewe, aache kusema pembeni. Binti aliyekimbia na kichanga kumwokoa kijana wenu kutoka kwa simba hana mtihani mwingine wa kufanya katika ukoo huo.

Sasa fanya hivi. Mamboya usirudi, labda kwenda kulima. Kila asubuhi somo, mbele ya Tomasi, akusikie ukikosea na kucheka. Habari za safari, ugonjwa na msiba ziseme kwa Kiswahili mpaka Tamara atakapokuruhusu. Na Jumamosi panda treni na mkweo na mjukuu mwende Mikumi kutembea, safari hii kwa raha, Samweli abaki nyumbani akipika. Kabla ya kutoka muage. Ila muage kwa Kiswahili, asije akasingizia hakuelewa.